Kamba Yenye Mafundo

Mara ya kwanza nilipoingia darasa la tatu na kusema, "Leo tutajifunza kuhusu kiboko," darasa zima lilinyamaza. Mtoto mmoja wa dawati la mbele alificha viganja vyake chini ya mapaja. Kwao kiboko ilikuwa fimbo, na mwalimu anayetaja kiboko hana habari njema. Ikabidi nianze kwa kuwaeleza kwamba fimbo ndiyo iliyochukua jina la mnyama. Zamani mijeledi ilikatwa kwenye ngozi ya kiboko, ngozi nene kuliko ya ng'ombe yeyote waliyewahi kumwona akichunwa, na jina likabaki hata fimbo zilipoanza kukatwa kwenye mipera. Mikono ilitoka chini ya mapaja pale tu nilipochora ubaoni mnyama mwenye tumbo la pipa na miguu mifupi.

Hiyo ilikuwa 2006, katika kijiji kimoja cha bonde la Kidodi, wilaya ya Kilosa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimekulia Tanga mjini, na wanyama wakubwa niliowajua kwa karibu walikuwa kifaru wa sarafu ya shilingi 50 na simba wa sarafu ya shilingi 200. Kijiji nilichopangiwa kiko karibu na Mto Ruaha Mkuu, na ng'ambo ya mto kuna milima ya Udzungwa. Ukishika barabara kwenda kaskazini unafika Mikumi, mji uliokaa mlangoni mwa hifadhi. Watoto wangu walikuwa wakisikia usiku milio ambayo mimi sikuijua ni ya nani.

Siku ile ubaoni niliandika sentensi tano. Kiboko ni mnyama mkubwa. Anaishi majini. Anakula majani. Anaweza kufikia kilo 1,500 na zaidi. Kwa kuwa ni mzito, anakwenda polepole. Zile nne nilizitoa kitabuni. Ya tano niliiongeza mwenyewe, kwa sababu ilionekana haina ubishi, kitu kizito kitakwendaje mbio? Watoto wakanakili zote tano, wakapiga mstari chini kwa kalamu nyekundu.

Wiki mbili baadaye alikuja shuleni babu wa mtoto mmoja. Alisubiri chini ya mwembe mpaka nilipomaliza kipindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Wewe ni mjukuu wangu, lakini hapa shuleni ni mkubwa wangu. Naomba nikuambie neno."

Alinieleza kwamba alfajiri ya siku ile alikwenda na mjukuu wake kutazama migono yao ya samaki. Kabla hawajafika mtoni walimsikia kiboko akija nyuma yao kwenye njia ileile, akirudi kutoka malishoni. Mzee akaruka pembeni. Mtoto akabaki amesimama katikati ya njia, anatazama. Babu yake alimvuta shati hadi vifungo vikakatika, na kiboko akapita hatua chache tu kutoka walipoangukia, akaingia majini. Alipomuuliza kwa nini hakukimbia, mtoto akajibu: mwalimu amesema anakwenda polepole.

Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile mwili unanisisimka.

Yule mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye mzizi wa mwembe akanifundisha, na ninachokijua juu ya kiboko, sehemu kubwa kimetoka pale. "Mchana ni wa maji, usiku ni wa nchi kavu," alisema. Jua likizama kiboko anatoka kwenda kula majani, na anaweza kutembea kilomita kadhaa. Ana njia yake, na anaifuata hiyohiyo kila siku mpaka inakuwa kama mfereji. Alfajiri anarudi. "Ukisimama kati yake na maji, umemfungia mlango wa nyumba yake. Wewe ukirudi nyumbani kwako ukakuta mtu amesimama mlangoni gizani, utamfanya nini?"

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba niliwafundisha uongo. Niliwaomba wachukue kalamu waikate sentensi ya tano. Kiboko akiamua kukimbia nchi kavu anafika kama kilomita 30 kwa saa. Hakuna mtoto wa shule yetu, wala mwalimu wa michezo, ambaye angemshinda. Kisha nikawaambia waandike maneno ya yule mzee, kwamba njia ya kiboko haisimamwi.

Tangu siku ile nilibadili namna ya kufundisha wanyama. Niliacha kuwapa watoto sifa tupu: mkubwa, mkali, mwenye nguvu. Nikaanza kuuliza maswali manne. Anakula nini, anakula saa ngapi, analindaje mtoto wake, na anafanya nini akiogopa? Mtoto akiyajibu hayo kwa usahihi juu ya mnyama mmoja, ana kitu cha kumsaidia hata akiwa peke yake njiani.

Vipimo vilinisumbua zaidi. Unamwambia mtoto wa miaka tisa kwamba tembo ana urefu wa mita tatu na ushee begani, anaitikia "ndiyo madam," na hana picha yoyote kichwani. Sasa Kilosa ni nchi ya mkonge, na kamba za katani zipo kila nyumba. Nilinunua kamba moja ndefu, nikaipima kwa futikamba, nikafunga mafundo na kila fundo nikalivika kipande cha kitambaa. Mita moja na nusu, kijani, bega la kiboko. Mita tatu na robo, nyeupe, bega la tembo dume. Mita tano, njano, utosi wa twiga dume, ingawa wapo wanaozidi hapo. Tulifunga ncha ya juu kwenye mlingoti wa bendera na kuiacha kamba ining'inie. Watoto walitazama kitambaa cha njano kule juu, halafu wakatazama paa la darasa, halafu wakatazamana.

Kulikuwa na fundo jingine, jekundu, kwenye mita moja na sentimita 80. Niliwauliza ni la nani. Wakataja nyati, wakataja pundamilia. Nikawaambia ni la twiga aliyezaliwa leo. Mama twiga huzaa akiwa amesimama, kwa hiyo mtoto anaanza maisha kwa kuanguka kutoka karibu mita mbili, na ndani ya saa moja hivi anakuwa amesimama kwa miguu yake. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mrefu kuliko walimu wote, alikuja akasimama kando ya kamba. Akawa sawasawa na mtoto mchanga wa twiga. Watoto walipiga makofi, naye akatabasamu, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

Vitu vingine tulivipima kwa vitu vyao wenyewe. Ulimi wa twiga una sentimita 45, basi ni rula moja na nusu; mweusi sehemu kubwa, na anauzungusha kwenye matawi yenye miiba kuchuma majani. Moyo wake una kama kilo 11, uzito wa ndoo iliyojaa maji zaidi kidogo ya nusu, kwa sababu una kazi ya kusukuma damu ipande shingo lote lile. Lakini niliwaambia wapapase visogo vyao, wahesabu pingili za shingo. Wao wanazo saba. Twiga naye anazo saba. Zake ni ndefu tu, moja inapita sentimita 20. Hili liliwashangaza kuliko yote, na sikushangaa kwamba liliwashangaza, maana na mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilijipapasa shingo.

Tembo tulimpima kwa ndoo. Kila mtoto shuleni petu alikuwa anachota maji bombani, na anajua ndoo ya lita 20 inavyouma shingo. Tembo mkubwa anaweza kunywa lita 100 hadi 200 kwa siku. Hizo ni ndoo tano mpaka kumi, safari kumi za bombani kwa ajili ya mnyama mmoja. Mtoto wa tembo akizaliwa ana uzito wa gunia la mahindi, kama kilo 100. Na mama yake amembeba tumboni miezi 22. Nikawaambia: mama tembo akishika mimba siku unayoanza darasa la kwanza, anajifungua mwishoni mwa darasa la pili.

Sipendi vitabu vya watoto vinavyoanza na simba. Simba anajulikana mno. Watoto wanaambiwa ni mfalme wa msitu, wakati makazi yake hasa ni nyika ya nyasi. Yatosha wajue kwamba analala au kujipumzisha hadi saa 20 kwa siku, kwamba majike ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya uwindaji, na kwamba watoto wake wanazaliwa na madoadoa yanayofifia wakikua. Wakishajua hayo, nawarudisha kwa tembo.

Mwaka 2012 wazazi walichanga fedha tukakodi Kosta, tukaenda hifadhini. Mikumi ina kilomita za mraba 3,230 na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964. Jina lake linatokana na miti mirefu ya porini, ya jamii moja na minazi, inayoitwa mikumi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati yake kwa kilomita kama 50. Kwa hiyo Watanzania wengi wamewahi kumwona tembo au twiga kupitia dirisha la basi bila kulipa kiingilio. Mle ndani dereva hatakiwi kwenda mbio, kuna matuta, na kuna kibao kinachoonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Watoto walikisoma kibao kile kwa sauti, mnyama mmoja mmoja. Naomba madereva wakisome vilevile.

Askari wa hifadhi aliyetupokea alikuwa dada kijana, mtaratibu, na watoto walimpenda kabla hajafungua mdomo. Alitupeleka kwanza kwenye bwawa la viboko. Viboko walikuwa wamejibanza kama mawe, yanaonekana macho, masikio na pua tu, vyote vikiwa juu ya kichwa kwenye mstari mmoja. Dada akatuambia kiboko haogelei vizuri kama tunavyodhani. Anatembea chini, juu ya tope, anajisukuma kwa miguu, na anaweza kubana pumzi kama dakika tano. Dume mmoja akafungua kinywa wazi kabisa, meno yakaonekana marefu kama mkono wa mtoto. Watoto wakasema, "Ana usingizi!" Dada akasema hapana, anatuonya. Yale meno ya mbele si ya kula, ni ya kupigana. Majani anayakata kwa midomo.

Mtoto mmoja akaonyesha mgongo wa kiboko aliyekuwa ukingoni, unang'aa wekundu. "Madam, anatoka damu." Haikuwa damu. Ni majimaji yanayotoka kwenye ngozi yake, yanaikinga na jua na kuzuia vijidudu. Bila hayo ngozi ile, pamoja na unene wake wote, ingeungua na kupasuka. Ndiyo maana anashinda majini mchana. Nilimtazama yule mtoto aliyevutwa shati na babu yake, wakati huo ameshakuwa kijana wa sekondari na nilikuwa nimemwomba mzazi wake amruhusu aje nasi kama msimamizi wa wadogo. Alikuwa anatazama bwawa bila kupepesa.

Kisha tukafika uwanda wa Mkata, kwenye dimbwi. Tembo walikuwa pale, majike manne na watoto wa rika mbalimbali. Dada akaomba dereva azime injini. Akatunong'oneza kwamba anayeongoza kundi ni jike mzee, bibi yao. Ndiye anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Madume wakibalehe, kwenye miaka 12 hadi 15, wanaondoka.

Kulikuwa na mtoto mchanga mmoja, kimo chake hakifiki tumbo la mama. Wakubwa walikuwa wanavuta maji kwa mkonga, wanaukunja, wanayamimina kinywani. Watoto wangu waliona kwa macho yao kwamba tembo hanywi kwa mkonga kama mrija. Mkonga ni pua pamoja na mdomo wa juu, hauna mfupa hata mmoja, na hakuna anayekunywa kwa pua akafurahi. Yule mchanga alijaribu kuwaiga. Akachovya mkonga, akautikisa, maji yakamwagika pembeni. Akajaribu tena, akaukanyaga mwenyewe, akayumba. Mwishowe akapiga magoti ya mbele, akauweka mkonga pembeni, akanywa kwa mdomo kama mbuzi.

Mtoto mmoja wa kike, mkimya sana darasani, akanigusa mkono. "Madam, si ulitufundisha kwamba ndovu hashindwi na mkonga wake?"

Nilikuwa nimewafundisha methali ile wiki iliyotangulia, katika Kiswahili, na nikawapa maana yake: mzazi hashindwi na mzigo wa mwanawe. Sikuwahi kufikiri kwamba tembo mwenyewe anauanza mkonga akiwa hauwezi. Dada wa hifadhi akamjibu kwa niaba yangu. Mtoto wa tembo hajui kuutumia mkonga wake miezi ya mwanzo. Anaukanyaga, anaunyonya kama wewe ulivyonyonya dole gumba, na maziwa ya mama ananyonya kwa mdomo. Anajifunza pole pole kwa kutazama wakubwa. Yule binti alifikiri kidogo. "Basi methali ni ya wakubwa," akasema.

Kabla hatujaondoka dada alituonyesha mambo mawili ambayo niliyabeba kurudi nayo. La kwanza ni gego la tembo. Lilikuwa zito, ukubwa wa tofali, na lilikuwa na matuta matuta kama ubao wa kufulia. Tembo anakuwa na gego moja la kazi kila upande wa taya, juu na chini. Likisagika, jingine linakuja kutoka nyuma na kulisukuma mbele mpaka linameguka. Anapata seti sita maishani, hakuna ya saba. Ile ya sita ikisagika, kwa kawaida tembo yuko kwenye miaka ya 60, hawezi tena kutafuna majani magumu, anadhoofika. Nusu ya watoto wangu walikuwa na mapengo. Walilishika lile gego kwa zamu na kila mmoja akapitisha ulimi kwenye pengo lake.

La pili ni unyayo kwenye tope lililokauka. Wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma ni mrefu kidogo kama yai. Dada akatuambia: zungusha kamba kwenye ukingo wa unyayo wa mbele, halafu ukunjue, urefu huo uzidishe mara mbili. Hapo umepata, kwa kukadiria, kimo cha tembo begani. Sikuamini. Ile kamba yangu ilikuwa ndani ya gari, tukaileta, tukapima.

Wapo watakaosema haya yote ni mapenzi ya watu wasiolima. Nawaelewa, kwa sababu niliishi mahali ambapo tembo si picha. Mahindi yakianza kukomaa, familia zinahamia kwenye madungu shambani. Mtu halali. Wanapiga madebe, wanawasha moto, wanamulika tochi, na tembo akishazoea debe, halimsumbui tena. Usiku mmoja unatosha kumaliza ekari aliyoitegemea mtu kwa mwaka mzima. Serikali inacho kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini hakuna mkulima niliyemjua aliyesema kilifanana na alichopoteza. Baba mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kwenye mkutano wa wazazi: "Mwalimu, unawafundisha watoto wetu wawapende hawa?"

Nilimjibu kwamba nawafundisha wawajue, na kujua kuna faida yake. Tembo ana pua kali kuliko tunavyoweza kufikiri, na kwa sababu hiyohiyo pilipili inamtesa. Wapo wakulima wanaozungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili ya kusaga iliyochanganywa na oili chafu. Wapo wanaochanganya pilipili na kinyesi cha tembo mwenyewe, wanatengeneza matofali, yakikauka wanayachoma pembezoni mwa shamba usiku, na moshi wake unafukuza. Chini ya milima ya Udzungwa kuna walioweka uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwenye waya, tembo akiusukuma waya inatikisika, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini kuzunguka macho na ndani ya mkonga si nene, na nyuki wanapajua. Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayofanya kazi kila usiku. Zinapunguza, na mkulima anapata asali au pilipili ya kuuza.

Wakati huohuo tembo wenyewe walikuwa wanakwisha. Nchi yetu ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009. Ilipofika 2014 waliohesabiwa walikuwa takriban 43,000. Katika eneo la Selous na Mikumi, hesabu ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu. Waliuawa kwa ajili ya pembe, ambazo ni meno, na majangili walianza na wakubwa kwa kuwa wana pembe ndefu. Maana yake waliwaua mabibi. Watafiti waliofanya kazi Mikumi waliona kwamba majike waliobaki bila ndugu zao wa damu wanaishi kwa msongo zaidi na wanazaa kidogo. Nilipolieleza hilo darasani sikuhitaji kufafanua. Watoto kadhaa pale walikuwa wanalelewa na bibi zao.

Mwezi wa tano mwaka 2013, asubuhi, njiani kwenda shule, nilikuta watu wamejaa kwenye shamba la yule baba aliyeniuliza lile swali. Mahindi yalikuwa yamelala chini, mabua yametafunwa, mengine yamekanyagwa tu bila kuliwa. Dungu lilikuwa limeegemea upande. Hakuna aliyeumia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kichuguu, debe lake miguuni, hasemi na mtu. Nilimpa pole, akaitikia kwa kichwa.

Binti yake, yule mkimya wa methali, alikuwa katikati ya shamba amechuchumaa. Aliponiona alikuja mbio. "Madam, ile kamba iko wapi?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Tulikuwa na kipindi cha hesabu siku ile. Nikampa bila kufikiri, halafu nikaona aibu, kwa sababu ile ilikuwa asubuhi ya msiba wa nyumba ile, si ya masomo. Lakini alikuwa ameshaondoka nayo. Alichagua unyayo uliochapika vizuri kwenye udongo wenye unyevu karibu na mfereji, wa mbele, wa mviringo. Akaizungusha kamba kwenye ukingo taratibu, akibana kwa kidole asiipoteze alama. Akaikunjua juu ya rula yake mara moja, mara mbili, akihesabu kwa midomo. Mita moja na sentimita 30. Akazidisha.

"Mita mbili na sentimita 60," akasema kwa sauti, bila kumwelekea mtu. "Ni jike. Dume mkubwa angefika kwenye kitambaa cheupe."

Majirani wawili wakasogea. Mmoja akauliza amejuaje, naye akaeleza kama alivyoelezwa na yule dada wa hifadhi, unyayo wa mbele, mara mbili. Akahamia unyayo mwingine, akapima, akapata jike mdogo zaidi. Akasema walikuwa watatu au wanne, na walitokea upande wa mto kwa sababu nyayo za kuingia zina tope na za kutoka hazina. Mimi sikuwa nimeliona hilo.

Baba yake aliinuka kwenye kichuguu. Alipita kati ya mabua yake yaliyovunjika mpaka pale alipokuwa binti, akasimama akitazama chini. Kando ya nyayo kubwa kulikuwa na duara dogo, halizidi sahani, limechapika mara nyingi, huku na huku, kama la aliyekuwa hatulii.

"Na huu?" akauliza.

Binti akachuchumaa, akampa ncha moja ya kamba aishike.